Meno ya Maziwa

Nilimfunua mdomo mbele yako, Shaame,
kwa vidole hivi viwili vilivyochubuka kwa kokoto.
Ukaona mwenyewe: meno ya maziwa,
madogo, meupe, punje za hindi changa
lisilofaa hata kuchoma.
Ukasema, "Ataota mengine kazini."

Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma,
kwamba nilicheka.

Alizaliwa nyuma ya choo cha makuti, usiku wa vuli.
Mama yake akamlamba mpaka akasimama,
miguu minne, kila mmoja na safari yake.
Mjukuu wangu Mkasi akamwita Betri
kwa vile hazimi:
akishakunyonya hukimbia, akishakukimbia
huja kuning'ata upindo wa kanga
nami nimekaa maweni na nyundo, nagonga, nagonga,
ndoo ya kokoto kwa bei waitakayo wao.

Masika yakaja, paa likaniachia.
Bati kumi na mbili, ndiyo bei uliyompa.
Mimi nilihesabu bati, sikuhesabu miezi.
Wewe miezi uliihesabu: kumi na sita.
Ukaniambia huko Konde wapo wa miezi kumi
na shogi wameshatwishwa.

Lakini bwana mifugo alitwambia sote pale skuli,
wewe umekaa safu ya mbele:
punda mifupa yake haijafunga mpaka mwaka wa nne.
Ukaitikia kwa kichwa, ukatia saini, ukapokea soda.
Kisha ukanong'ona, "Punda afe, mzigo ufike,"
na safu nzima ikaangua kicheko.
Ningependa kumjua aliyeyasema hayo mwanzo.
Punda alipokufa, nani aliingia baina ya mikono ya gari?
Maana mzigo haujifikishi.

Jana nimemwona njia ya Maziwa Ng'ombe.
Matofali ya mawe sitini. Nimeyahesabu,
na mimi uzito wa jiwe siambiwi.
Magoti ya mbele yamepinda nje kama mabano,
begani kidonda kimepakwa oili chafu
nzi wasitue.
Na juu ya gari, kigwe mkononi,
mwanao Asaa, kaptula ya skuli,
saa nne ya asubuhi, Jumatatu.
Aliniamkia vizuri, hana kosa mtoto.
Akatabasamu: ana pengo mbele,
jino la ukubwa ndiyo kwanza linachungulia.

Nikaita, "Betri."
Sikio moja likageuka.
Moja tu. La pili lilibaki nyuma
likisikiliza fimbo.

Sasa nasikia umepata mnunuzi wa Unguja,
mwenye hoteli Nungwi, anataka punda mpole
wa kupanda watoto wa wageni.
Mpole, umemwambia.
Yule aliyepiga teke ndoo yangu ikavuka ukuta wa jirani!
Shukrani ya punda mateke, husemwa.
Basi na anishukuru, hapa, kifuani,
nijue tu kwamba mguu bado unanyanyuka.

Sikuja kukulaani, Shaame. Nimekula kwenye bei ile,
nimelala pakavu miezi minane.
Ila mvua ikipiga juu ya bati
nasikia kwato, si za punda mzima,
zile ndogo, zisizojua pa kukanyaga,
na Mkasi huamka akaniuliza nani yuko nje.

Kwa hiyo njoo na nyundo yako ya kung'olea misumari.
Bati kumi na mbili, mbili zina kutu pembeni,
kwa hizo nitakuongezea ndoo za kokoto, utaje mwenyewe ngapi.
Mimi na Mkasi tutajua pa kutega masufuria,
tulikuwa tukijua.
Chukua ngazi kwa Faki. Ila uje mapema,
meli ni Ijumaa.